Wekundu Usikudanganye: Kuchagua Dafnia na Moina

Mnunuzi wa chakula hai akifunuliwa ndoo, macho yake hukimbilia mambo mawili: wingi na wekundu. Dafnia wakiwa wamejaa pomoni na maji yanaonekana kama yametiwa rangi, hulipa bila kuuliza. Mimi ndoo ya namna hiyo hunitia shaka. Dafnia ana himoglobini kama tulivyo nayo sisi, na huizidisha oksijeni inapopungua majini. Wekundu mkali, basi, mara nyingi ni habari ya maji mazito, hamira iliyozidi au msongamano. Samaki hatadhurika kwa kumla dafnia mwekundu, lakini ukimpeleka nyumbani ukitaka kumzalisha, huenda umenunua kizazi kilichokaribia kuanguka.

Kabla ya yote, jua unamfugia nani na wapi. Dafnia na moina ni krasteshia wa maji baridi, jamaa wa mbali wa kamba na kaa, ingawa kwa kurukaruka kwao huitwa viroboto maji. Daphnia magna hufika milimita 5 na hustawi maji yakiwa nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi, kwa hiyo Nairobi, Arusha na Mbeya hana taabu. Joto la Dar es Salaam au Mombasa humchosha. Pwani mfuge moina: ni wa milimita 1 hivi, huvumilia nyuzi 30, na hukomaa kwa siku 4 au 5 tu. Watoto wake ni wadogo kiasi cha kuingia katika midomo ya vifaranga wengi wa samaki. Dafnia mkubwa mbele ya kifaranga ni pambo tu.

Sasa chota kidogo kwa glasi nyeupe, iinue kwenye mwanga, ukipata kikuza ni bora zaidi. Gamba la dafnia ni angavu, na ndani yake utaona utumbo umepinda kama uzi toka kichwani. Hapo ndipo thamani ilipo. Uzi wa kijani umetokana na mwani; uliopauka aghalabu ni hamira. Hamira hujaza tumbo na kuongeza idadi upesi, lakini mwani ndio unaoshibisha, na samaki wako hula kile alichokula dafnia. Uzi usipoonekana kabisa, unauziwa magamba. Magamba nayo yana kazi, humsaidia samaki kwenda haja, ila hayamnenepeshi.

Panda juu kidogo, mgongoni, nyuma ya moyo unaodunda. Jike mwenye afya amebeba mayai ya duara, au watoto ambao tayari wana vijidoa vyeusi vya macho. Mambo yakiwa mazuri karibu wote ni majike, na huzaa bila dume. Njaa au msongamano ukiingia, madume hutokea, na majike huanza kubeba kitu cheusi mfano wa tandiko, chenye mayai magumu ya kungojea nyakati njema. Matandiko mawili matatu katika glasi si neno. Yakiwa mengi, wape samaki leo hii, usiwapandikize. Masimbi yenye matandiko, hata hivyo, usiyamwage. Yakauke, uyaweke akiba. Kwa mpenzi wa Nothobranchius guentheri, yule samaki mdogo wa vidimbwi vya Unguja, jambo hili si geni: mayai yake nayo hungoja mvua ndani ya tope.

Mwendo nao husema. Dafnia mzima huruka kwa hatua fupi zenye mpangilio. Moina huteleza akitikisika. Mwenye kuzunguka chali au kulala chini hana siku nyingi. Wote wakijazana juu alfajiri, wanatafuta hewa. Mwili mzima ukiwa mweupe kama maziwa, ni ugonjwa. Ugonjwa mmoja wa namna hiyo, unaoletwa na vimelea vya jamii ya hamira, ndio uliochunguzwa na Élie Metchnikoff mwaka 1884 alipoeleza jinsi chembe za mwili zinavyowameza wavamizi, kazi iliyomfikisha kwenye Tuzo ya Nobel ya 1908. Wewe lakini huhitaji maabara: mwaga, osha ndoo, anza upya.

Kisha nusa. Maji mema hunuka bwawa. Yakinuka pombe au yai viza, hapana. Chungulia na ukuta wa ndoo: haidra hujishikiza pale na hula vifaranga, lava wa kereng'ende ni mbaya zaidi. Saiklopi, yule wa vifuko viwili vya mayai mkiani, hula chakula cha dafnia na baadhi yao hushambulia samaki wachanga. Viluwiluwi vya mbu ni chakula kitamu, lakini muuzaji asiyefunika ndoo zake kwa chandarua anafuga dengi mtaani. Sinunui kwake.

Ukifika nyumbani, tumia maji ya bomba yaliyolala siku nzima au mbili ili klorini itoke, wala usiguse tangi lililotiwa dawa yenye shaba, maana huwaua upesi. Gawa katika ndoo mbili, ili moja ikifa usirudi dukani. Lisha tena pale tu maji yanapoanza kung'aa, na usivune zaidi ya robo kwa mara moja.

Unapolisha samaki, chuja kwa kitambaa, suuza, maji ya ndoo yabaki nje ya tangi. Artemia, chakula hai cha maji ya chumvi, hufa baada ya saa chache katika maji baridi na kuyachafua. Dafnia huogelea humo mpaka aliwe. Kwa hiyo tazama tena baada ya saa moja. Waliosalia wakiwa wamelala mchangani wote, na maji ya tangi na ya ndoo yalikuwa ya joto moja, badilisha muuzaji.