Vita Vikiisha, Wanakwenda Wapi? Mateka Wanawake na Watoto katika Masimulizi ya Njia ya Misafara

Ukiwauliza wanafunzi wa Kiswahili habari za Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip, wengi watakujibu haraka: hiyo ni mojawapo ya tawasifu za mwanzo katika nathari ya Kiswahili. Watakutajia ufundi wake wa kusimulia safari, na wale wenye siasa kidogo watakutajia unyonyaji. Sawa. Lakini liko swali ambalo sijalisikia likiulizwa darasani: vita vikiisha katika kitabu kile, wanawake na watoto wanakwenda wapi?

Katika makala haya nitajaribu kulijibu kwa kukisoma kitabu hicho sambamba na masimulizi mengine mawili. Hoja yangu ni moja. Uhakiki wetu umezoea kuuona uhuru kama tukio: minyororo imekatwa, hadithi imekwisha. Masimulizi ya mateka yenyewe yanaonyesha kwamba kazi kubwa huanzia hapo. Mtu aliyenyang'anywa kwao anahitaji watu wa kumtambua, mali ya mkono wake mwenyewe, na nafasi ya kusema yaliyompata. Tukiisoma fasihi bila kuyatafuta hayo matatu, tunaisoma nusu.

Nianze na Tippu Tip mwenyewe. Mimi natoka Lusu, wilaya ya Nzega, na kwetu Tabora jina hilo si geni. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara pale Unyanyembe na alioa katika ukoo wa watemi. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara: huku Bagamoyo na pwani, huku Ujiji na Manyema, huku Karagwe na Buganda. Tippu Tip alisimulia maisha yake uzeeni, Unguja, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Mwishoni mwa miaka ya 1950 W. H. Whiteley akayatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Msimulizi alifariki mwaka 1905.

Fani ya kitabu hicho ni ya mfanyabiashara, na hilo halina ubishi. Anasema alikwenda wapi, na nani, akapata nini. Pembe zinapimwa kwa frasila. Anapompiga Nsama wa Itawa, mwaka 1867, ushindi unaelezwa kwa nyara, na mateka wanaingia katika hesabu hiyo hiyo. Sentensi zake ni fupi, hazina majuto wala majigambo ya kupita kiasi. Wapo wanaousifu mtindo huo kuwa ni wa kweli na usio na mapambo. Mimi nasema hebu tusimame kidogo. Mtindo unaoweza kupita juu ya watu mia kwa sentensi moja, kisha ukatua kwa utulivu kwenye bei ya pembe, una msimamo wake. Ukimya wa msimulizi nao ni sehemu ya maudhui.

Hata hivyo mwanamke mateka hakufichika kabisa. Anajitokeza mahali pa ajabu sana, na hapo ndipo kitabu kinapojisaliti. Tippu Tip anapofika Utetela kwa mtemi Kasongo Rushie, anajitangaza kuwa ni jamaa. Alikwisha kusikia kwamba zamani wanawake wa ukoo ule walitekwa vitani wakachukuliwa mbali. Basi anadai kwamba bibi yake ni mmoja wao. Ni uongo, na msimulizi hajisumbui kumficha msomaji jambo hilo. Kasongo anampokea kama damu yake na kumwachia utawala.

Wahakiki huicheka hila hii kama ujanja wa Sungura. Lakini tujiulize, kwa nini ilifaulu? Ilifaulu kwa sababu watu wa Utetela hawakuwasahau wanawake wao. Miaka ilikuwa imepita, tena mingi, na bado palikuwa na nafasi iliyoachwa wazi kwa ajili ya aliyetekwa au mtoto wake, siku atakayorudi. Nafasi hiyo ndiyo utajiri pekee ambao mateka angeweza kuurithi. Tippu Tip akaingia, akaikalia yeye. Sijui mfano mwingine katika nathari yetu unaoonyesha waziwazi zaidi kwamba vita huiba hata njia ya kurudi nyumbani.

Kitabu cha pili ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Huyu yuko upande wa pili wa mjeledi. Baba yake alitekwa nchi za Nyasa, akapitishwa pwani, akapakiwa chomboni, na manowari ya Waingereza ikawaokoa. Mwandishi mwenyewe ni mtoto wa Freretown, kijiji cha walioachwa huru karibu na Mombasa, kilichoanzishwa na wamisheni wa CMS mwaka 1875. Hata leo ukipita Kengeleni utauona mnara wa kengele uliolipa eneo lile jina.

Kitabu hiki kimelaumiwa sana kwa kuwapigia Waingereza makofi. Lawama hiyo ina haki yake, ila mimi naona kasoro kubwa zaidi iko katika muundo. Msuko wote unapanda kuelekea ile meli. Ikishafika, mvutano unalegea. Walioshushwa wanafundishwa dini, kazi na kusoma, na msomaji anaagwa kwa shukrani. Lakini fikiri, msomaji. Pale ufukweni wanashuka watu wa makabila mbalimbali, hawajuani, hawaelewani kwa lugha, mama mwingine hana mtoto na mtoto mwingine hana mama. Kutokana na hao, ndani ya kizazi kimoja, kikatokea kijiji chenye mwandishi wa kitabu cha Kiswahili! Nani alikuwa akifanya kazi hiyo? Nani aliwalea yatima wasio wake, akawaita wanangu? Hiyo ndiyo riwaya iliyo ndani ya Uhuru wa Watumwa, na bado haijaandikwa.

Sasa nije kwa Bwanikwa. Huyu alikuwa mwanamke Mluba aliyeuzwa na kuhamishwa mara nyingi, akapitia Bunkeya, makao makuu ya Msiri. Na Msiri ni mtu wa kwetu, mwana wa mfanyabiashara wa Kinyamwezi aliyejijengea ufalme Katanga, akauawa mwaka 1891. Masimulizi ya Bwanikwa yaliandikwa na mmisionari Dugald Campbell na kutolewa mwaka 1916, kwa kichwa cha Kiingereza chenye maana kwamba alikuwa mtumwa mara kumi na mwishowe akawa huru. Mwanahistoria Marcia Wright ameyachambua pamoja na ya wanawake wengine katika kitabu chake cha mwaka 1993.

Kwa Bwanikwa hakuna meli. Utawala wa kikoloni umekwisha kufika, amekwisha kuolewa, na bado anahesabiwa mtumwa wa mume wake. Basi anafanya kazi ya kufinyanga vyungu, anaweka akiba, na mwishoni anajikomboa mwenyewe kwa mume huyo. Tazama tofauti. Sheria na dini zilikwisha kumwambia yuko huru. Yeye alijua kwamba neno huru bila malipo yanayotambuliwa na majirani ni maneno matupu. Chungu chake ndicho kilichomaliza vita.

Najua pingamizi zitakazokuja. Ya kwanza: haya ya Bwanikwa si fasihi ya Kiswahili, na tena yamepita mikononi mwa mmisionari aliyekuwa na wasomaji wake wa kuwaridhisha. Kweli kabisa. Lakini Tippu Tip naye alipita mikononi mwa Brode, mbona hatukumfukuza darasani? Ya pili: kazi ya mhakiki ni fani, hayo mengine waachiwe watu wa ustawi wa jamii. Hilo silikubali hata kidogo. Nimeonyesha hapo juu kwamba hesabu ya frasila, mahali msuko unapokatikia, na nani anashika usukani wa kitenzi ni masuala ya fani.

Tena jambo hili halikuishia karne ya 19. Baada ya mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 wakimbizi, wengi wao wanawake na watoto, walipewa ardhi Ulyankulu, humu humu mkoani Tabora, na baadaye makazi mengine yakafunguliwa Katumba na Mishamo. Walifyeka pori wakalima. Ilichukua miaka mingapi kwa nchi kuwaita wake? Wengi wao, zaidi ya 160,000, walithibitishiwa uraia mwaka 2014, yaani baada ya miaka 42. Jembe lilikuja mapema, kutambuliwa kukachelewa. Na kusema yaliyowapata? Nani katika sisi amewahi kuhariri hata kurasa kumi za masimulizi ya bibi mmoja wa Ulyankulu kwa Kiswahili chake mwenyewe?

Ndiyo maana nasema usomaji mbaya una gharama. Aliyefundishwa kwamba hadithi inaisha meli ikifika ndiye huyo kesho atakayekuwa ofisa wa kambi, atagawa blanketi na sahani, ataandika ripoti kwamba wameokolewa, kisha atafunga jalada.

Pendekezo langu kwa walimu wetu na kwa wanachama wenzangu ni jepesi. Maisha ya Tippu Tip yabaki katika mtalaa, yasiguswe, ila yasisomwe peke yake. Yawekwe pamoja na Mbotela, na masimulizi ya Bwanikwa yatafsiriwe na wanafunzi wenyewe kama kazi ya muhula. Kisha wale wenzetu wanaotoka Urambo, Kaliua na Mpanda wapewe kinasa sauti wakati wa likizo, wakakae na wazee wa kike. Watakachorudi nacho tukihakiki kwa vigezo vile vile tunavyomhakikia Tippu Tip, bila huruma ya bure na bila dharau. Anayepinga, kalamu ni yake. Ukurasa wa toleo lijalo uko wazi.