Gilley's: Ukumbi Uliomfanya Mteja Kuwa Onyesho

Gilley's ikitajwa, wengi huanza na ukubwa wake: baa ya muziki wa kantri ya mtaani iliyokuwa ikimeza maelfu ya watu kwa usiku mmoja, kule Pasadena, pembeni mwa Houston, Texas. Lakini ukubwa ulikuja baadaye. Kilichoubeba ukumbi ule ni hesabu za Sherwood Cryer, mchomelea vyuma aliyegeuka mwenye baa.

Baa yake ilikuwa Spencer Highway, jirani na viwanda vya kusafisha mafuta. Wateja hakuwatafuta mbali: vibarua wa zamu, wengi wametoka mashambani, mshahara uko mfukoni na usiku hawana pa kwenda. Mwaka 1971 Cryer akamvuta Mickey Gilley, mpiga piano na binamu ya mwanamuziki Jerry Lee Lewis, aliyekuwa tayari na mashabiki wake mjini hapo. Mmoja akaleta jina na bendi, mwingine jengo. Watu walipozidi, jengo likaongezwa mabanda. Uzuri haukuwa hoja.

Mwaka 1974 Gilley akashika namba moja kwenye chati za kantri kwa "Room Full of Roses", akaanza kusafiri na maonyesho. Baa iliyobeba jina la msanii huyumba msanii mwenyewe asipokuwepo. Cryer akaziba pengo hilo kwa kumfanya mteja mwenyewe awe onyesho. Kwanza zikaja mashine za kupima nguvu za ngumi, kisha fahali wa mashine, mtambo uliobuniwa kuwafunzia wapanda fahali wa mashindano ya rodeo.

Utazame ulivyofanya kazi. Kiwiliwili kisicho na kichwa kimekaa juu ya mhimili, magodoro yametandazwa chini pande zote, na kando kuna mwendeshaji anayeamua kasi na upande wa kugeuka. Ufundi wote uko kwake: akimwangusha mpandaji mapema mno, hakuna cha kutazama, akimbeba mno, hakuna anayeshangilia. Mpandaji analipia zamu yake. Wanaomzunguka wanatazama bure, ila bia hainyweki bure, na aliyechekwa leo atarudi kesho kusafisha jina. Kwa maoni yangu, hakuna bendi inayoweza kuuza kiu namna hiyo.

Mwaka 1978 Aaron Latham akaandika habari za vijana wa ukumbi huo katika jarida la Esquire, na 1980 ikatoka filamu ya Urban Cowboy, mwigizaji John Travolta akiwa juu ya fahali wa mashine. Kofia za kichunga ng'ombe zikavaliwa hata na watu wasiowahi kukanyaga zizi. Jina la Gilley's likabandikwa kwenye fulana na bia, likasikika hadi redioni.

Ufa kati ya wawili hao ulikuwa hapo hapo kwenye jina. Lilikuwa la Gilley. Funguo na daftari zilikuwa kwa Cryer. Gilley alilalamika kwamba jengo limeachwa likachakaa huku aibu ikimwangukia yeye. Akampeleka Cryer mahakamani, na 1988 akashinda fidia ya dola milioni 17. Ukumbi ukafungwa 1989, na mwaka uliofuata moto ukaunguza sehemu kubwa yake. Gilley akahamia Branson, Missouri, kwenye ukumbi wa viti, ambako mteja alikata tiketi, akakaa na kumsikiliza mwimbaji.