Msafiri Akirudi, Kitabu Kinafungwa

Ndugu msomaji, nina ugomvi na vitabu vya safari. Vitabu hivyo nilivisoma usiku, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, ndani ya stoo ya nyumba moja kule Muscat. Baadaye nikavisoma tena juu ya dungu, katikati ya shamba la mpunga huku kwetu Kilombero, nikiwa naamia ndege. Mara ya kwanza vilinifurahisha. Mara ya pili viliniudhi. Maandishi ni yale yale, ila msomaji alikuwa amesharudi nyumbani, akawa anatafuta ukurasa unaomhusu, na ukurasa wenyewe haumo.

Kwanza nijieleze. Mimi ni mtoto wa Ifakara, Viwanja Sitini. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakunifikisha cha tano, nikakaa mtaani, halafu nikaenda Oman kufanya kazi za ndani kwa miaka miwili. Sasa naandika riwaya. Nina sura tatu, na zote tatu ni mbovu. Nilimpelekea mwalimu wangu wa zamani wa Kiswahili, yule aliyetufundisha fani na maudhui mpaka tukaota. Nilitegemea aniambie habari za dhamira na usawiri wa wahusika. Alirudisha daftari na swali moja tu pembeni kwa kalamu nyekundu: "Huyu dada analala wapi?"

Nikapekua kurasa zangu zote. Kweli bwana! Mhusika wangu anapanda ndege, anaona maghorofa meupe, anapita barabara pana zenye taa usiku kucha, anarudi nyumbani na mabegi makubwa. Lakini halali mahali popote. Basi nikalichukua swali la mwalimu nikaenda nalo kwa waandishi walionitangulia.

Nikaanza na mkongwe. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alitoa kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Ndani yake yumo Selim bin Abakari, mtu wa Ngazija, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani, Bumiller, mwaka 1896 mpaka Urusi na Siberia. Hebu fikiria: Kiswahili kimetembea Siberia miaka kama 80 kabla reli ya TAZARA haijamaliza kujengwa kupita hapa Ifakara! Selim ana jicho kali. Anaeleza miji, watu na baridi kwa Kiswahili kilichonyooka, ambacho wengi wetu tunaojiita waandishi tungekionea wivu.

Lakini mimi ni mtumishi mwenzake. Nilitaka kujua bwana akishalala, yeye aliwaza nini. Nilitaka kumwona siku amekaa na ndugu zake, wakimuuliza habari za huko, naye akichagua la kusema na la kumeza. Hayo sikuyapata. Nadhani simlaumu. Kitabu kile kilitengenezwa na mwalimu aliyefundisha Kiswahili Berlin, na waliokingojea walikuwa Wajerumani waliotaka kujifunza lugha yetu. Mtu akisimulia mbele ya wenyeji wa bwana wake, atataja mito na milima.

Wa pili ni Martin Kayamba. Huyu alikwenda London mwaka 1931 pamoja na Chifu Makwaia na Francis Lwamgira, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Msomaji, liangalie jina hilo taratibu. Linaahidi mambo mawili, kuona na kufanya. La tatu, tulivyorudi, halimo kwenye jalada. Tena msemaji ni "sisi". Kayamba alikuwa mjumbe, na mjumbe hana ruhusa ya kuwa na usiku wa peke yake. Kwa kazi aliyotumwa alifaulu. Ila kijana wa leo akiiga mtindo huo ataandika ripoti ya ziara, siyo riwaya.

Wa tatu alinishtua. Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja, aliondoka Zanzibar mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Kumbukumbu zake alizitoa mwaka 1886 kwa Kijerumani. Mwaka mmoja kabla, 1885, alirudi Unguja baada ya miaka 19. Kaka yake Barghash, aliyekuwa Sultani wakati huo, hakutaka kuonana naye. Hapo sasa! Huyu ni binti wa mfalme na mimi ni mtumishi wa ndani, lakini mlango uliofungwa naufahamu. Yeye alifika kwao akakuta kwao kuna wenyewe. Kwangu mimi, hadithi ya Salme inaanzia hapo, siku anaiona Unguja toka baharini na hajui nani atampokea.

Nije kwa Abdulrazak Gurnah. Huyu alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka kijana baada ya Mapinduzi ya 1964, akaishi Uingereza, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Riwaya yake ya mwaka 1994 tunayo sasa kwa Kiswahili, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022. Mimi nilimsoma Yusuf, mhusika mkuu, kama ninayesoma barua ya nyumbani. Ni mtoto wa mji mdogo wenye stesheni ya reli, kama huu wetu. Anapandishwa garimoshi na tajiri anayemwita ami, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Mwenzake Khalil anamkanya: huyo si ami yako, huyo ni Seyyid.

Pale niliifunga simu nikalia. Mimi nami nilielekezwa na wakala, siku ya kwanza tu, nimwite mwenye nyumba "mama". Hati yangu ya kusafiria ilikuwa kabatini kwake, mlango wa nje ulikuwa na ufunguo, na ufunguo sikuwa nao. Neno "mama" lilifanya kazi ileile ya neno "ami".

Na swali la mwalimu? Gurnah amelijibu mapema kabisa. Yusuf na Khalil wanalala barazani, mbele ya duka. Kwa jambo hilo moja tunajua cheo cha Yusuf, hofu yake na umbali kati yake na bustani ile nzuri iliyo nyuma ya ukuta. Hakuna hotuba ya unyonyaji hapo, ni mkeka tu na giza.

Riwaya yake ya mwaka 1996, Admiring Silence, niliisoma kwa taabu, kamusi mkononi, kwa sababu ni ya Kiingereza. Msimuliaji hana jina. Ameishi Uingereza miaka 20. Huko amewatungia wakwe zake hadithi za uongo kuhusu kwao, na kwao hajawaambia kwamba ana mwanamke wa Kiingereza na mtoto. Anaporudi Zanzibar anakuta vyoo vimeziba na mama anamtafutia mchumba. Hiki ndicho kitabu kilichothubutu kuandika sura ninayoitafuta. Gurnah ameona kwamba anayerudi hubeba uongo wa pande mbili, na kwamba uongo wenyewe hautokani na ubaya wa moyo. Unatokana na aibu, na pia huruma.

Hata hivyo nina neno. Msimuliaji yule ana mahali pa kurudi tena. Likimshinda la nyumbani, kuna ndege ya kwenda London, ingawa hata huko anakuta mambo yameharibika. Sisi tuliorudi Ifakara tumerudi kabisa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama yangu alinionea huruma, akanipa siku ya nne. Wiki ile ile tukahamia shamba, maana mpunga ulikuwa unaiva na ndege hawajui kwamba mtu katoka Uarabuni. Mikono yangu ilikuwa imezoea dawa za kusafishia marumaru, ikachubuka. Usiku nilikosa usingizi kwa kuwa hapakuwa na mngurumo wa kiyoyozi, vyura tu na mbu.

Lakini kubwa zaidi ni jambo dogo. Asubuhi moja tukiwa mjini nilisimama mlangoni, nimeshika ndoo, nikimngoja mtu anifungulie. Mlango ulikuwa wazi. Mama akaniuliza, "Mwanangu, unangoja nini?" Nikasema naangalia mvua. Mvua haikuwepo.

Jambo hilo sikuliandika katika sura zangu tatu. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nimeshawaambia watu nilikuwa nauza duka. Mama alifurahi, akawasimulia wenzake wa jumuiya, wenzake wakasimulia sokoni. Riwaya yangu ikawa inalinda uongo wa mama asije akaaibika. Nilimwandikia jirani, kama Selim alivyoandika mbele ya Wajerumani. Basi najiona sina haki ya kumcheka.

Katika nyumba ile ya Muscat alikuwepo bibi mzee aliyezungumza Kiswahili cha Unguja, kitamu ajabu. Alizaliwa Unguja, akaja Oman na wanawe baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, wakati Waomani waliokuwa nje walipoitwa warudi kujenga nchi. Walimwambia amerudi kwao, na yeye kwao hapo hakuwahi kupaona. Jioni alinikalisha karibu naye tukichambua mchele, akiniuliza kama embe za Unguja bado zina ladha ile. Mimi Unguja nimepita bandarini tu. Nilimjibu kwamba bado zina ladha. Yeye kunihoji na mimi kumdanganya ndio yalikuwa mazungumzo bora niliyopata kwa miaka miwili. Anastahili riwaya nzima, na itabidi iseme pia kwamba tukimaliza kuchambua yeye alikwenda kitandani, mimi stoo.

Vijana wenzangu mtaniuliza, sasa haya yana faida gani? Fasihi siyo mahakama. Kweli. Lakini nina binti wa jirani, amemaliza kidato cha nne, amepiga picha za pasipoti. Alikuja kuniuliza, "Dada, huko kukoje?" Nikamwambia, "Kuzuri tu." Akaangalia bati jipya la nyumba ya mama, akaniamini. Na bati hilo si uongo, limetoka Muscat, kila karatasi moja. Nilivyoona mimi nimekwambia. Vya wengine vimeandikwa. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya Watanzania wafanyao kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu: kunyang'anywa hati, kazi zisizo na saa, mishahara kukatwa. Lakini binti yule hasomi taarifa. Anasoma hadithi, na anasoma nguo za waliorudi.

Simwambii asiende. Nani nimkataze, wakati nami nimekula matunda yake? Nataka aende anajua atalala wapi. Hiyo ndiyo kazi ninayowadai waandishi wetu wa safari, kuanzia mimi mwenyewe. Tumejaza fasihi kuondoka: garimoshi limepiga honi, ndege imeruka, mama amelia. Kufika nako tumekujaza taa. Tukifika kurudi tunaandika "akarudi kwao salama" na kuweka nukta. Huko kurudi kunachukua miezi, mingine miaka, na kumejaa mambo ambayo hayapatikani London wala Siberia: lugha iliyokutoka kidogo, marafiki wanaokuona unaringa ukinyamaza na unaringa ukisema, zawadi zilizokwisha, mama anayejua lakini haulizi.

Nimeichana sura ya kwanza. Mpya inaanza na dada aliyeshika ndoo mbele ya mlango ulio wazi. Niliiandika kwa siku tisa, kurasa sita tu, na zina makosa. Jumapili iliyopita nilimpa binti wa jirani asome kabla ya mwalimu. Hajarudisha. Mama naye nimemsomea jioni, tukiwa tumekaa uani, mpaka mahali pa stoo. Alinyamaza muda, akainuka kwenda kuangalia moto. Akarudi akasema, "Endelea."

Asiyekubaliana nami juu ya Kayamba au Gurnah na aandike, kurasa zipo. Nawasilisha.