Vumawimbi na Ufundi wa Kuitafuta Pwani Tulivu

Kuipata pwani tulivu ni ufundi, ingawa wengi huuhesabu kuwa bahati, na kama ufundi mwingine wowote, una elimu yake na adabu yake. Mgeni anayeshuka Unguja na kuelekea Nungwi, Kendwa au Paje hufuata barabara ya lami na kuwakuta huko wote walioifuata barabara hiyohiyo. Mwenye ufundi huanza kwa kuutazama mwezi.

Bahari ya Afrika Mashariki hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, na katikati ya bamvua mbili huja maji mafu, ambayo husogea kidogo tu. Kwa kuwa kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi, mvuvi anayeijua tarehe yake huijua pia saa ya maji bila kufungua jedwali lolote. Elimu hii hufunza kwamba utulivu ni wa saa kabla ya kuwa wa mahali: Maziwe, fungu la mchanga lililo mbele ya Ushongo, kusini ya Pangani, huibuka maji yanapokupwa na kumezwa yanapojaa, hata asiyejua saa akapita juu yake asilione.

Baada ya mwezi huja upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi hushika sehemu kubwa ya mwaka uliobaki, kwa hiyo pwani iliyolala kimya Januari huenda ikachafuka Julai, kutegemea upande inaoutazama. Mfano mzuri ni Rasi ya Kigomasha, kaskazini-magharibi ya Pemba, ambako upande wa magharibi iko Verani na upande wa mashariki iko Vumawimbi, pwani ndefu nyeupe ambayo jina lake limekwisha kumweleza msikivu tabia ya bahari yake. Majina ya pwani ni ramani ya kale kuliko karatasi, na inasikitisha kwamba wanaochora ramani mpya huyapita bila kuyauliza maana.

Elimu ya tatu imo mchangani. Maji yakijaa huacha mstari wa majani ya bahari, vijiti na makombe. Mstari wa juu, uliokauka, ni wa bamvua iliyopita, na wa chini, wenye unyevu bado, ni wa maji ya karibuni. Kati ya mstari huo wa chini na ukingo wa maji, kaa huacha vijitundu na nyayo nyembamba kama mishono ya sindano, na mahali ambapo mishono hiyo haijakatwa na unyayo wa mtu, hapana aliyepita tangu maji yalipoanza kupwa. Hii ndiyo hati ambayo mpenzi wa pwani tulivu huisoma kwa furaha kuliko zote.

Hata hivyo, pwani isiyo na wageni si pwani isiyo na wenyewe. Dago, yaani kambi ya muda ya wavuvi, huweza kuwa tupu leo na kujaa watu msimu ukigeuka. Na vigingi vilivyopangwa safu baharini ni shamba la mwani la mama fulani, ambalo hulihudumia maji yanapokupwa. Ufundi usiojali haya ni uvamizi wa polepole, na ndio uliozigeuza pwani nyingi tulivu kuwa soko.

Njia ya kwenda Vumawimbi kutoka Konde hupita chini ya miti mikubwa ya Msitu wa Ngezi. Anayeifuata na apige hodi kwanza kwa watu wa Makangale, aulize maji ya siku hiyo, na arudi na kila alichokwenda nacho.