Ukingoni mwa Jiwe

Mchongaji wa Ogham, maandishi ya kale ya Ireland, hakuhangaika kusawazisha uso wa jiwe. Alitafuta ukingo, ile pembe ndefu inayopanda kutoka ardhini, akaufanya mstari wake wa kuandikia. Mikato, kuanzia mmoja hadi mitano, ikilala kulia ni kundi moja la konsonanti. Ikilala kushoto, kundi la pili. Ikikatiza ukingo mshazari, la tatu. Irabu ni vijino vidogo vilivyogongwa pembeni penyewe: A kimoja, O viwili, U vitatu, E vinne, I vitano. Msomaji huanzia chini, macho yakipanda.

Ukihesabu kazi hiyo ndipo unapouona uvumilivu wake. Neno MAQI, lifanyalo kazi ya "bin" yetu na ndilo lililozaa "Mac" ya majina ya leo, lina mkato mmoja wa M, kijino cha A, mikato mitano ya Q na vijino vitano vya I. Jumla 12, na jina la baba bado. Kila kimoja kiligongwa polepole kwa ncha ngumu. Akisahau kijino kimoja cha I, herufi inageuka E. Akizidisha nafasi kati ya vijino, inavunjika ikawa herufi mbili. Jiwe halina kufuta. Mtu huyo alihesabu kwa mkono na kwa sikio pamoja, na mimi namvulia kofia.

Mawe kama 400 yamebaki, mengi kusini mwa Ireland, hasa Kerry, Cork na Waterford, na mengi ni ya karne ya 5 na ya 6. Yanataja mtu, baba yake, na mara nyingine mzazi wa kale wa ukoo mzima.

Wasomi wa baadaye waliitafutia mzazi hata lugha yenyewe. Kitabu cha sarufi kiitwacho Auraicept na nÉces kinasimulia kuwa Fénius Farsaid alifika Mnara wa Babeli na wasomi 72, na kwamba lugha ya Kigaeli iliundwa kwa kuteua kilicho bora katika lugha zote, ikaitwa Goídelc kwa jina la mtu aliyeitwa Goídel. Ni hadithi yenye ujasiri mkubwa: lugha ya kisiwa cha pembezoni, kumbe ni matunda ya mavuno ya dunia nzima! Naipenda kwa sababu aliyeitunga alijua, kama mchongaji, kwamba lugha hutengenezwa kwa kuchagua.

Pale Dunmore Head, mwisho wa rasi ya Dingle, limesimama jiwe linalomtaja Dovinia, bibi wa kale ambaye watu wa ukoo wa Corcu Duibne walijiita uzao wake. Hakuna mnara wala mfalme. Kuna D, O, V, I, N, I, A: mikato na vijino 23, na cha mwisho ni kijino kimoja tu.