Onyo la pakiti halimjibu mtu wa kijiweni

Pakiti ya sigara hapa kwetu ina onyo la maandishi kwamba uvutaji ni hatari kwa afya. Ni kweli, ila onyo hilo lina kasoro mbili. Ya kwanza utaiona gengeni Mbagala au Tandale: watu wananunua fegi moja moja. Pakiti, pamoja na onyo lake, inabaki kwa muuzaji.

Ya pili ni kubwa zaidi. Muulize mvutaji kwa nini anavuta, atakwambia, "Nashusha stresi." Onyo halimjibu. Linataja afya kana kwamba akili haimo.

Na jamaa hasemi uongo. Nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, na ahueni anaisikia kweli. Lakini baada ya saa mbili hivi, nusu yake imeshaondoka kwenye damu. Arosto inaanza: hasira, wasiwasi, kukosa utulivu. Fegi ya pili inatuliza kile kilichoachwa na ya kwanza.

Tena kila pafu linaingiza radikali huru, yaani molekuli zinazopora elektroni za jirani zao. Zikizidi uwezo wa mwili kuzizima, seli zinaumia. Huo ndio msongo wa oksidesheni. Ubongo, wenye kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni, kwa hiyo uko hatarini zaidi.

Hapa na sisi waandishi wa sayansi tujikosoe. Dalili za msongo huo huonekana zaidi kwa wagonjwa wa sonona na skizofrenia, lakini hilo halithibitishi kwamba sigara ndiyo iliyowaletea ugonjwa. Wengine huanza kuvuta wakiwa tayari wanaumwa. Wala tusiwauzie watu vidonge vya antioksidanti: huko Finland, katika utafiti uliochapishwa 1994, wavutaji waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi.

Tunachoweza kumwambia ni hiki. Mwaka 2014 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti 26: walioacha kuvuta walipungukiwa na wasiwasi, sonona na stresi kuliko walioendelea. Wiki za mwanzo arosto inatesa, tusimfiche. Ila onyo linalosema "ukiacha, stresi itapungua", likibandikwa pale gengeni, angalau litakuwa linaongea naye.