Yogi Bear Hana Majirani

Ukipiga kambi Buffalo Springs, chunga chapo zako. Kabla hujamaliza kufungua hotpoti, nyani mmoja ameshakaa juu ya gogo akijifanya anaangalia mto, na mwenzake anakuja kwa nyuma. Dakika moja baadaye chapo ziko juu ya mti, wewe uko chini unatukana, na askari wa hifadhi anacheka kwa sababu alikuonya getini. Mtu wa Isiolo hashangai. Na kama alikulia mbele ya runinga atakwambia: huyo ni Yogi Bear, shida ni kwamba hajavaa tai.

Nimerudia kuitazama hiyo katuni mwezi huu, na nimecheka. Lakini safari hii kuna kitu kimenikwama kooni.

Kwa wale hawaijui: Yogi ni dubu anayeongea. Alianza mwaka wa 1958 kama sehemu ya kipindi cha The Huckleberry Hound Show, kazi ya studio ya Hanna-Barbera, kisha 1961 akapewa kipindi chake mwenyewe. Anaishi Jellystone, mbuga iliyochezea jina la Yellowstone ya Marekani. Kazi yake ni moja, kuiba vikapu vya chakula vya watalii. Boo-Boo, dubu mdogo rafiki yake, anamwonya. Ranger Smith anamfukuza. Kesho yake wanaanza tena.

Waliochora walikuwa na bajeti ndogo, na inaonekana. Ile kola na tai ya Yogi haikuwa urembo. Ilificha mstari wa shingo, ili kichwa kichorwe peke yake na mwili ubaki vilevile picha baada ya picha. Kwa hivyo dubu huyu hatembei sana, anaongea. Daws Butler alimpa sauti ya mtu anayejua ameshikwa lakini bado ana maneno, kama makanga anayekueleza kwa nini nauli imepanda ukiwa tayari ndani ya matatu. Ni katuni ya mdomo, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Tom na Jerry unaweza kuwatazama bila sauti. Ukimnyamazisha Yogi umemuua.

Sasa, swali langu ni rahisi. Jellystone inakaliwa na nani?

Kuna dubu, kuna watalii, kuna askari. Basi. Hakuna kijiji kando ya mbuga, hakuna mtu anayepita na mifugo, hakuna mzee anayekumbuka jina la kale la mlima. Mtoto wa mjini labda haoni kasoro. Lakini sisi wa huku, ukitoka Isiolo kwenda Archers Post unapita manyatta, mbuzi, ngamia, watoto wanaokupungia mkono, ndipo ufike kwenye geti la hifadhi. Mbuga ina majirani, na majirani wana historia na hiyo ardhi kabla geti halijajengwa.

Yellowstone pia ilikuwa na watu. Bunge la Marekani liliifanya mbuga ya taifa mwaka wa 1872, na miaka hiyohiyo Watukudika, jamii ya Washoshone waliowinda kondoo wa milimani huko, walisukumwa nje mpaka kwenye maeneo waliyotengewa. Wasimamizi wa mbuga walieneza hata hadithi kwamba wenyeji walikuwa wakiogopa zile chemchemi zinazorusha maji moto, ili mtalii asiwe na wasiwasi. Kuanzia 1886 jeshi ndilo lililolinda mbuga hiyo kwa miaka zaidi ya 30. Kofia pana ya Ranger Smith, ile inayoonekana ya kuchekesha, ilitoka kichwani mwa mwanajeshi.

Katuni haisemi lolote kuhusu haya, na haikutumwa kusema. Ila pengo likiachwa kwenye hadithi, mtu hulijaza. Nadhani Yogi ndiye anayelijaza. Mwangalie vizuri. Amezaliwa hapo. Chakula chote kinachopita mbele yake ni cha wageni. Akikigusa, ni mwizi. Anamwita askari kwa heshima zote za mdomoni huku moyoni akipanga mengine. Adhabu anayotishiwa ni kuhamishwa: kwenye filamu ya 1964, Hey There, It's Yogi Bear!, anaamriwa kupelekwa kwenye bustani ya wanyama ya San Diego, naye anamchomeka dubu mwingine badala yake. Huku kwetu habari za uhamisho tunazijua. Kwa miaka mingi afisa wa serikali aliyekosea alitumwa Kaskazini, yaani sisi ndio tulikuwa adhabu.

Kwa hivyo tunacheka tukiwa upande wa dubu, na si ajabu. Tatizo ni mahali katuni inapotupeleka na hicho kicheko.

Chukua kipindi cha kwanza kabisa, Yogi Bear's Big Break, cha 1958. Yogi amechoka kufungiwa na anajaribu kila njia kutoroka Jellystone. Mwishowe anatoka, na nje anakuta msimu wa uwindaji umefunguliwa. Risasi! Anarudi mbio. Ni mzaha safi, umejengwa vizuri, lakini sikiliza unachosema: ua ni kwa faida yako, wewe kaa ndani na ushukuru.

Linganisha na sungura wetu. Katika hadithi tulizosomewa darasani au kusimuliwa na nyanya, sungura akimdanganya fisi, fisi anabaki na njaa na aibu. Simba akiringa, anaishia kisimani. Hakuna askari anayekuja mwisho kurudisha kila kitu mahali pake. Hadithi za sungura zilivuka Atlantiki na Waafrika waliouzwa utumwani, na huko wakapata Brer Rabbit. Ukoo wa wanyama wajanja wa Marekani una damu hiyo. Yogi ni binamu aliyepata ajira: ujanja anao wote, lakini kila jioni anasaini daftari.

Utasema, boss, hii ni katuni tu. Sawa. Lakini picha ya mbuga tupu haikubaki kwenye katuni. Mwaka wa 2001 runinga ya Marekani ilikuja Isiolo yenyewe na kurekodi Survivor: Africa ndani ya Shaba. Wamarekani 16 waliwekwa nyikani wavumilie njaa na kiu, na wa mwisho kubaki akalipwa dola milioni moja. Nje ya Shaba watu walikuwa wakivumilia njaa na kiu bila kamera. Na Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii katika kaunti hii, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha katiba. Wakazi walikuwa wameenda kortini wakisema hawakushirikishwa ipasavyo. Maana yake ni kwamba hata leo, mtu anaweza kutazama nyika yenye watu na akachora ramani kana kwamba wanaoishi hapo ni wanyama peke yao.

Sisemi uifute Yogi kwenye simu. Mtazame, na watoto wamtazame, kwa sababu katuni zenye mdomo kama huo si nyingi. Mimi ningeomba kipindi kimoja tu cha ziada. Yogi ameketi na kikapu, Boo-Boo anamwonya kama kawaida, Ranger Smith anakuja na kofia yake. Halafu kutoka upande wa kulia wa picha anaingia mama na mbuzi wake wanane. Hana habari na kikapu. Anawasalimia wote watatu, kisha anauliza: "Hapa palikuwa na kisima. Nani amekifunga?"

Ningependa kusikia Yogi, na maneno yake yote yale, akijaribu kumjibu.